Upinde wa Ami Mbaruku

Haya yangu bora niyaseme mwenyewe, maana Mwanakwerekwe nzima washayasema, na kila anayeyasema anatia chumvi yake.

Ami Mbaruku, mdogo wake marehemu baba, hupiga fidla katika kikundi cha taarab. Siku mbili kabla ya arusi ya binti yake, mti wa upinde wake ukapata ufa, na upinde mwingine hana. Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini nshatengeneza pasi, cherehani, hata meno ya bandia ya jirani (yanambana kidogo, lakini yanatafuna), nikamwambia, "Nipe mimi, Ami."

"Unajua lakini?"

"Si ufa tu huo!"

Na kweli, nikautia gundi, nikaubana, nikauzungushia uzi, ukawa mzima kabisa. Ningekomea hapo leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini nikaziangalia zile nywele za farasi za upinde, nikaziona kavu, zimejaa unga mweupe kama mba, roho ikanituma, nikaziosha kwa shampuu, nikazipaka mafuta ya nazi, nikazichana mpaka zikang'ara (nywele ni nywele, au sivyo?).

Siku ya arusi, ukumbi wa Mbweni umejaa kina mama, nikamkabidhi Ami upinde wake dakika ya mwisho, akasimama kuufungua wimbo aliomtungia binti yake, na wimbo wenyewe huanza kwa fidla peke yake. Akavuta upinde. Kimya. Akavuta tena, ukateleza kama samaki mkononi. Akaunusa, akanigeukia.

"Umezitia nini nywele hizi?"

"Mafuta ya nazi, Ami."

"Mtoto we! Ule unga ni utomvu mkavu wa mti, ndio unaokamata nyuzi!"

Kumbe maikrofoni iko wazi mbele ya fidla, ukumbi mzima umesikia. Bibi arusi, aliyekuwa ameinamisha uso kwa haya, akacheka mpaka wanja ukamchuruzika. Ami akauweka upinde chini, akaufungua wimbo kwa kudonoa nyuzi kwa kidole, kama kuku na mchele, na kina mama wakampokea kwa vigelegele. Binti akapata wimbo wake.

Mimi nilipokuwa natafuta mlango, Bi Zuhura, jirani yetu, akaniita, "Fundi!"

"Naam, Bi."

"Nywele zangu zinakatika, nije lini?"

Tangu siku hiyo, nikipewa kitu natengeneza palipovunjika tu. Mahali pengine pakiwa pachafu, na pabaki pachafu.