Tandiko la Manyoya ya Bata

Wahindi walipofukuzwa, vitu vya nyumba zao vilitapakaa mjini kote. Mimi nilikuwa muuguzi katika hospitali ya Mulago, mgongo umeniisha kwa kuinua wagonjwa. Mwenzangu wodini akaniambia kuna Mkongo mwenye duka karibu na soko la Nakasero anayeuza tandiko la manyoya, lile jembamba la kutandaza juu ya godoro. Nikamwomba mdogo wangu anisindikize. Alikuwa ameolewa na mwanajeshi, akaja na gari la mumewe na dereva wake.

Matandiko yalikuwa mawili. La kwanza lilinuka banda la kuku, na nilipolibonyeza lilibaki na shimo. Katika la pili nilizamisha ngumi, nikaitoa, likainuka lenyewe taratibu. Nikapitisha kiganja juu yake kutafuta manyoya yanayochoma, nisiyapate. Kitambaa kilikuwa kizito, kimeshonwa mirabamiraba ili manyoya yasikusanyike upande mmoja. Muuzaji akasema ni ya bata tupu. Nikalaza shavu juu yake, nikafumba macho.

Nilipofumbua, mdogo wangu alikuwa anafungua mkoba.

"Dada, wewe chukua lile jingine," alisema. "Mume wangu halali vizuri siku hizi."

Nikamtazama muuzaji. Alijua ni mimi niliyelichagua. Lakini gari la jeshi lilikuwa mlangoni, na yeye alikuwa mgeni katika nchi. Akalikunja, akalifunga kamba bila kuinua uso.

Sikununua la kuku. Nilirudi nyumbani Kasubi kwenye godoro langu la pamba lenye mabonde, nikawa nageuka huku na huku nikimfikiria mdogo wangu alivyolala. Nilipomtembelea nilijipa sababu ya kuingia chumbani ili nilikalie lile tandiko kidogo. Alikuwa amelitandikia shuka la waridi, na hata shuka lile nililichukia. Mvua ziliponyesha niliomba paa lake livuje.

Alasiri moja nikapata habari kwamba mumewe amekamatwa kambini na askari wenzake. Sitaficha: kabla ya kumwonea huruma, niliwaza tandiko. Nilimkuta akifunga nguo za watoto kwa safari ya Nairobi, macho yamekauka.

"Lichukue, dada," aliniambia. "Lilikuwa lako tangu dukani."

Nilisema silitaki, na huku nimeshalishika.

Mumewe hakuonekana tena. Barua za mdogo wangu kutoka Nairobi ziliuliza habari za mgongo wangu, na mgongo ulikuwa umepona. Kisha mama yetu alikuja kukaa nami, nikampa kitanda changu. Asubuhi akaliminyaminya tandiko, akatikisa kichwa.

"Mdogo wako ana moyo," alisema. "Nani mwingine angekuachia kitu kama hiki?"

Nikaenda kumchemshia chai, nikimwonea wivu mdogo wangu hata kwa sifa ile.