Ahadi ya Saba

Shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka, alikuwa katibu wa tawi la chama kwa miaka kumi na tisa, na kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Katibu tu. Alikuwa mshonaji wa sare, meza ya tatu kutoka mlangoni. Mimi nilikuwa fundi wa cherehani zenyewe, kwa hiyo kutwa nzima nilikuwa chini ya meza za watu, siasa zake zikipita juu ya kichwa changu.

"Shemeji, kaza huo mkanda, acha kulala huko chini!"

"Nitalala vipi na redio kama wewe hapo juu?"

Kaka alikufa kwa mapafu. Vumbi la pamba lilimla taratibu, akakohoa mpaka majirani wakazoea. Ndiyo maana ahadi ya saba katika ilani ya chama ilikuwa ya Katibu: kwamba mwenye kiwanda atalipia matibabu ya kila anayeugua kwa vumbi la kazi. Aliipigania mpaka ikaandikwa. Tukashindwa uchaguzi, tukashindwa tena, tukashindwa mara ya tatu, nayo ikabaki karatasini.

Ndipo akaja mgombea wetu mpya, viatu safi, sauti ya upole. "Ndugu zangu, wenye maduka na wenye viwanda wanatuogopa," alisema. "Tusogee karibu nao kidogo. Tuitoe ya saba, tushinde, halafu tutairudisha. Chama kisicho na serikali kinamsaidia nani?"

Sitasema lilikuwa swali la kijinga. Tulikuwa na mioyo safi miaka yote ile, na moyo safi haumtibu mtu. Lakini mzee wetu mpiga pasi aliuliza, "Ukishinda kwa kura za wanaotuogopa, utamsikiliza nani?" Mgombea akaomba tupige kura.

Tawi letu halipigi kura kwa karatasi wala kwa mikono. Tunavuka chumba: wanaokataa husimama dirishani, wanaokubali mlangoni, kila mtu amwone mwenzake usoni. Siku ile wote tulianza dirishani. Binti yake Katibu, naye mshonaji, alikuwa ameshaanza kukohoa. Katibu alimtazama mwanawe, akamtazama mgombea.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, akavuka.

Wa pili nilikuwa mimi. Wengine wakafuata, maana nani angemwambia mjane wa mapafu kwamba hajui afanyalo? Mzee alibaki dirishani peke yake. Katibu akaketi, akaandika muhtasari kwa mwandiko wake mzuri, akatia sahihi.

Tukashinda. Tulicheza barabarani, watu wazima na akili zetu, mpaka mzee mpiga pasi akatucheka.

Mwaka ukapita, kisha nusu nyingine. Binti aliachishwa kazi kwa sababu ya kile kikohozi, akawa mtu wa kulala na kutazama dari. Katibu aliandika barua nne. Ya tano tuliipeleka wenyewe ofisini kwa yule mgombea, sasa mheshimiwa mbunge. Alitupokea vizuri, lazima nikiri, hata soda aliagiza. Kisha akafungua faili.

"Mama, tulichaguliwa bila ahadi hiyo. Nikiirudisha leo, watasema niliwadanganya."

"Na sisi je?"

"Ninyi mlikubali." Akaigeuza karatasi ituelekee. "Soma hapa: wote, isipokuwa mmoja."

Ulikuwa ule muhtasari, kwa mwandiko wa Katibu. Akausoma wote, hadi kwenye sahihi yake. Nilitaka kuipindua ile meza na soda zake, lakini hasira ya mtu aliyevuka wa pili ina uzito gani?

Nyumbani binti alijiinua kwa kiwiko. "Baba mdogo, wamesemaje?"

Nikamgeukia shemeji, kwa woga wangu wote.

Katibu alivua viatu, akavipanga ukutani. "Wamesema nilikubali," akamwambia mwanawe.

Binti alifungua kinywa kumjibu, kikohozi kikamtangulia.