Ugonjwa wa Wakubwa

Mjomba wangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa, jirani na Kitomanga. Kila asubuhi alisimama pembeni mwa shamba la pamoja, sigara mdomoni, akituhimiza tulime kwa bidii. Jembe lake lilikuwa jipya miaka yote.

Siku moja, akiwa katikati ya hotuba ya kuwalaani wavivu, alishika kifua akakaa chini. Nilikuwa mwalimu pale shuleni, na kwa kuwa ni mtoto wa dada yake, mimi ndiye niliyempeleka Lindi kwa lori la korosho. Daktari alimpima, akasema mishipa ya moyo imeziba, aache sigara mara moja.

Tulilala kwa ndugu, mtaa wa Mtanda, hapo hapo mjini. Nilidhani mjomba atakuwa na hofu. Kumbe alifurahi.

"Moyo, mwanangu!" aliniambia. "Huu ni ugonjwa wa wakubwa. Unatokana na kuwafikiria watu."

Kijijini alijisamehe kazi ya shamba, ambayo hata hivyo hakuwahi kuifanya. Waliokuja kumjulia hali aliwasimulia moyo wake kama mtu aliyetoka kuhiji. Nilipomkumbusha habari ya sigara, alisema zinamtuliza moyo.

Halafu kikaja kikohozi, kisha damu. Tukarudi Lindi kwa daktari yule yule. Akamwonyesha picha ya kifua: saratani ya pafu.

"Hapana, daktari," mjomba alisema kwa upole, kama anayesahihisha kosa la karani. "Mimi ni mgonjwa wa moyo."

"Mzee, mtu hapewi ugonjwa mmoja tu. Moshi uliokuharibia mishipa ya moyo ndio huo huo uliokuletea saratani."

Niliuliza kama anaweza kupasuliwa. Daktari akatikisa kichwa: moyo ule usingehimili upasuaji.

Mjomba akanigeukia, uso umemng'aa. "Umesikia? Moyo!"

Nilitaka kumpigia kelele. Badala yake nikamshika mkono, nikamtoa nje, maana alikuwa hawezi tena kushuka ngazi peke yake.

Alinikataza kulitaja neno saratani kijijini. Alikonda mpaka kanzu ikawa inatembea yenyewe, na bado wageni aliwaambia ni moyo. Alifariki kabla ya mavuno ya korosho. Mazishini, bwana mmoja wa chama alisema marehemu aliuchosha moyo wake kwa kulitumikia taifa. Wanaume waliitikia kwa huzuni, wakaombana kiberiti.

Ndani, mkaza mjomba, mkewe aliyekuwa ameanza eda, aliniita nikae karibu naye.

"Wewe ulimsikia daktari," alisema. "Alikufa kwa nini hasa?"

Nikamwambia yote. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Moshi mmoja, moyo na pafu pia," alisema. "Na mimi niliyelala naye chumba kimoja miaka yote hiyo?"

Alipomaliza eda nilimpeleka Lindi, na safari hii njiani hakuna aliyehutubia. Daktari alimpima kifua na moyo, akasema haoni tatizo. Mkaza mjomba alilia pale pale, kwa sauti, zaidi kuliko alivyolia msibani.

Tuliporudi, wazee wa kijiji walikuwa wamekaa barazani kwake, wanavuta. Aliwaamkia vizuri, "Shikamooni," wakaitikia marahaba. Kisha akachukua ufagio, akawafukuza wote.