Amri ya Bwana Ipi

Kazini kwake, mume wangu wanamwita Bwana Ipi, na jina hilo amelitafuta mwenyewe. Yeye na wenzake hutengeneza programu ya simu inayowapa wazazi taarifa za shule. Programu ni moja, shule ni nyingi, na kila shule inataka nembo yake, rangi zake na matangazo yake. Zamani walibadilisha vitu hivyo kwa mkono, shule baada ya shule, mpaka macho yanawatoka. Ndipo akatunga amri: kwenye skrini nyeusi unaandika "unda", unaongeza vistari viwili na jina la shule, kisha kompyuta inaunda programu nzima wewe ukinywa chai.

Hayo maneno ya kuongeza ndiyo yanayoiambia amri inamfanyia nani kazi. Mwanzoni, usipotaja shule, ilijichukulia ile ya kwanza kwenye orodha. Basi mwenzake mmoja akasahau kutaja, na wazazi wa shule ya wasichana wakafungua simu zao wakakuta tangazo la shule ya wavulana: Jumatatu kila mwanafunzi aje amenyoa kipara. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye alikaa mezani, akaiondolea amri uwezo wa kujichagulia shule. Tangu hapo usipotaja, inagoma na kukuandikia: Shule ipi?

Wenzake walinung'unika kwamba mashine inawahoji kama askari wa getini.

"Heri iulize," aliwajibu. "Ikikisia, anayeumia ni mtu mwingine."

Nyumbani ni yuleyule. Mwombe kikombe, atasimama mlangoni akuulize kipi. Kuna siku natamani nimrushie hicho kikombe.

Mama yake alipoteleza bafuni akavunjika mkono, daktari alisema asiishi tena peke yake. Jumapili ndugu wakakutana sebuleni kwetu. Shemeji yangu mkubwa, anayeongea kama hakimu anayesoma hukumu, alishaamua: mama anahamia kwake. Moyoni nilishangilia. Mama mkwe na mimi hatupikiki chungu kimoja, na kila nikiwaza kuishi naye nilihisi kichwa kinaanza kuuma.

Mama alikaa karibu na dirisha, mkono kwenye bandeji, macho chini.

"Basi Jumamosi naleta gari," shemeji alisema.

"Mama hajasema anataka kwenda wapi," mume wangu akasema.

"Si amenyamaza? Amekubali."

"Amenyamaza kwa sababu hatujamuuliza." Akasogeza kiti mpaka mbele ya mama yake. "Mama, wewe unataka kukaa wapi?"

Shemeji akaanza kutafuta funguo zake mfukoni. Kisha mama akanyoosha kidole cha mkono mzima, akanielekezea mimi.

"Kwa huyu."

"Huyu?" Shemeji alicheka. "Si mnagombana kila mkikutana?"

"Tunagombana, ndiyo. Nyie mnaniitikia tu, ndiyo mama, ndiyo mama, halafu mnafanya yenu. Huyu akinikatalia jambo, najua amenisikia."

Sikujua niangalie wapi. Niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na furaha ambayo sikuitegemea. Mume wangu alikuwa ananiangalia, akisubiri, na nilijua kwamba nami ninaruhusiwa kukataa.

"Kuna chumba cha mbele, kina kelele za barabarani," nilimwambia mama. "Na cha nyuma kimetulia. Utapenda kipi?"

"Cha mbele, niwaone wanaopita. Na nitakuja na kitanda changu. Cha kwenu kinalia."

"Hakilii, Mama."

"Kinalia," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke, akainua macho.