Mausi Niliyoipiga Msasa

Nichekeni tu, nimezoea. Mimi ni mchongaji wa Wamunyu, na kitu chenye mikwaruzo hakitoki mikononi mwangu.

Mwezi jana nilimpeleka binti yangu Mwende Machakos mjini kununua mausi ya kuchezea gemu kwenye kompyuta. Alikuwa na mashindano Jumamosi. Alishika moja baada ya nyingine, macho amefumba, vile mimi huchagua gogo. Nikajivunia kimoyomoyo.

Nyumbani nikaona ile aliyochagua ina vinundu pembeni. Maskini mtoto wangu, ameuziwa kazi ambayo fundi hakumaliza! Ijumaa, Mwende akiwa chuoni, nikaipiga msasa hadi vinundu vikaisha, nikaipaka nta, nikaing'arisha kama kinyago cha twiga cha kuwauzia watalii. Sikumwambia. Nilitaka ashangae.

Akashangaa. Jumamosi, mbele ya ukumbi mzima wa mashindano, nami nikitazama, mausi ilimchomoka mkononi ikaanguka sakafuni, na raundi ya kwanza ikaishia hapo. Akaiokota, akaipapasa, akainusa.

“Baba, umepiga hii kitu msasa?”

“Kidogo tu. Ilikuwa na vinundu.”

“Niliichagua kwa sababu ya vinundu, Baba. Mimi hutoka jasho mikononi kama wewe.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikaficha mikono mfukoni, bado inanuka nta. Mwende akavua mpira wa nywele, akauzungusha kwenye mausi, kisha akavuta kiti kando yake.

“Kaa hapa nikuone,” akaniambia. “Na usiguse kitu.”