Wambua Aliyesoma Nyota, na Ile Moja Aliyompa Mama

Tangu alfajiri nashika simu, naiweka, naishika tena. Wambua amekufa? Wambua gani? Akili inakataa, jamani.

Mtanisamehe nikiandika ovyo. Kichwa changu hakiko sawa.

Wengi mlimjua akiwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Mimi nilimjua miaka ya sabini, amepanga chumba Kabiro, kule Kawangware, yuko chuo kikuu. Major, yaani somo kuu, hesabu; minor, lile la pili, astronomia, elimu ya nyota. Hiyo minor ndiyo iliyomponza.

Maana ukiwaambia watu wa ploti, wapangaji wenzako, unasoma nyota, wameshakuelewa vingine kabisa!

Mwenye ploti alimshika mlangoni. "Kijana, si unasoma nyota? Cheki yangu. Huyu mama ninayemtaka atanikubali ama ananizungusha?"

"Mzee, mimi nasoma za juu. Sio za watu."

"Kwani za watu ziko wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Alichukia sana mambo hayo ya kutabiri. Ndiyo maana mpaka leo sielewi alichofanya kwetu Kibera, Laini Saba.

Kaka yangu Musyoka alikuwa ameenda Mombasa kutafuta kazi, akanyamaza. Hakuna barua, hakuna salamu. Mama alikuwa ameacha kula.

Jioni moja Wambua alikuja kunitembelea, Mama akamshika mkono. "Wambua mwanangu, niangalizie nyota ya Musyoka. Yuko hai?"

Nilijua atakataa. Akatazama juu ya reli iliyopita karibu na kwetu, kule jua lilikotua, akanyoosha kidole. "Ile pale, Mama. Si unaona inawaka vizuri?"

Nikimsindikiza nilimuuliza ile ni nyota gani. "Sio nyota hata. Ni Zuhura, sayari."

Mama akaanza kula. Kila jioni anatoka kuiangalia.

Sasa, Zuhura hukaa jioni miezi kadhaa, halafu huondoka. Hilo bwana astronomia hakulifikiria! Ilipopotea Mama alipiga nduru, majirani wakaja wakidhani tumefiwa. Nilienda Kabiro kumwita Wambua. Alikuja mbio, shati nje.

"Mama, haijafa. Imehamia asubuhi. Ngoja siku chache, halafu uamke kabla ya jua."

Mama akangoja. Na kweli ikatokea, upande wa pili wa paa letu la mabati, kule jua linakochomoza. Aliimba siku nzima.

Musyoka hakurudi. Mama aliifuata ile Zuhura, asubuhi na jioni, mpaka alipofariki, na hakuwahi kuamini kwamba mwanawe amekufa.

Wambua, ulimsaidia ama ulimdanganya? Miaka yote hii nilitaka kukuuliza, nikaona wakati bado upo. Nina hasira na wewe. Nina shukrani pia. Sijui nianze na ipi.

Leo nilipopata ujumbe wa mkeo nilitoka nje, jua halijachomoza, nikatazama upande ule Mama alikoiona Zuhura ikirudi. Sikuona kitu. Sijui ni mawingu, sijui ni macho yangu haya ya uzee.

Lala, rafiki yangu, lala vizuri. Jioni nitatoka tena.