Posa ya Kaka na Picha ya Njaa

Kaka yangu mkubwa alizaliwa mwembamba na akabaki hivyo. Alikula kama lori linavyokunywa dizeli, na chakula hatukujua kinaenda wapi. Upepo wa Isiolo ukivuma, tulimwambia ashike nguzo. Lakini ng'ombe alikuwa nao, na lori la kuwapeleka sokoni, na mwaka ule wa ukame mkubwa, themanini na nne, alikuwa ameanza kumposa binti wa mfanyabiashara mmoja wa mifugo pale mjini.

Siku moja tulikuwa tukitoka Biliqo, lori limejaa ng'ombe, tairi likapasuka. Tukiwa bado tunahangaika na jeki, gari la mzungu mpiga picha likasimama. Mimi na Kiingereza changu cha gumbaru, shule ya watu wazima, nikawa mkalimani. Alipomwomba kaka picha, kaka alichana nywele, akafunga vifungo vya koti, akaegemea lori kama waziri.

"Mwambie avue koti," mzungu akasema.

Akavua. Halafu shati, saa, viatu na miwani ya jua. Nikavikumbatia vyote kama muuza mitumba. Kisha kaka akaambiwa aachane na lori, akae chini kando ya mfupa wa ngamia uliokuwa pale tangu enzi za babu.

"Mwambie asicheke."

"Muulize kwani kuna msiba," kaka akasema.

Mzungu akajibu ndiyo, upo, tena mkubwa. Mimi nikafahamu amefiwa. Kaka, mtu wa huruma, akaweka sura ya matanga ambayo sijaiona tena usoni mwake. Tukampa pole, naye akatupa pakiti ya biskuti.

Miezi ikapita. Mahari ilikuwa imeshakubaliwa, imebaki kupanga siku tu, ndipo kaka wa yule msichana akarudi likizo kutoka masomoni Ulaya. Alikuja na bango amelikunja. Akalikunjua mbele ya baba yake: kaka yangu, kifua wazi, kando ya mfupa wa ngamia, na chini yake maneno ya kuomba mchango wa wenye njaa.

"Huko limebandikwa kila kituo cha basi," alisema. "Wanafunzi tulichanga. Hata mimi nilitoa."

Mzee akavaa miwani. "Huyu ndiye anayemtaka dada yako."

"Huyu? Baba, mimi nilidhani ameshakufa."

Tukaitwa. Tulipoingia na salaam aleikum zetu, bango lilikuwa ukutani, kubwa kuliko mlango. Mzee hakumwita kaka mkwe, kama alivyozoea.

"Kijana, uliniambia una ng'ombe. Hapa naona mfupa mmoja, na nadhani hata huo si wako."

"Ng'ombe walikuwa nyuma ya mpiga picha, mzee. Na lori pia."

"Mtu akiishiwa, mali yake yote huwa nyuma ya kitu."

Kisha ikaletwa sinia ya nyama ya mbuzi, wali juu, ya kushibisha kambi nzima ya jeshi. Sasa kwetu, mchumba mwenye adabu hali mbele ya wakwe. Anadonoa kidogo, anasema ameshiba. Ukumbi mzima ulimtazama kaka mkono.

Akaninong'oneza, "Nikila, mimi ndiye yule wa ukutani. Nisipokula, watasema hata nguvu za kutafuna sina."

"Kula kiasi."

"Kiasi gani? Huoni wananihesabu meno?"

Jasho lilimtiririka hadi nikaogopa atayeyuka kabla ya arusi. Ghafla akaisukuma sinia hadi mbele ya yule msomi.

"Shemeji, wewe ulinichangia nikiwa sina habari. Leo ni zamu yangu. Karibu."

Maskini kijana wa watu. Miaka mitatu ya viazi vya kuchemsha katika baridi, mashavu yameingia ndani, suruali imefungwa kwa mshipi uliozunguka mara mbili. Alisema bismillahi, na hatukumsikia tena akisema neno. Tulisikia mifupa tu. Mama yake aliacha kumimina chai akabaki na birika hewani.

Mzee akamtazama mwanawe. Akatazama bango. Akamtazama mwanawe tena, mafuta yamefika kwenye kiwiko.

"Na hao wazungu wamesafiri mpaka huku kutafuta mtu wa kupiga picha," alisema polepole, "na huyu wanaye huko huko kwao."

Akavua miwani, akampungia kaka mkono.

"Mkwe, sogea ule. Huyu atamaliza, na bado hatujapanga siku ya arusi."